Jiwe la Kando ya Mto Arakawa

Asubuhi ya tarehe 1 Septemba nilianzia bustani ya Yokoamicho, Tokyo. Joto lilikuwa kali, watu wamevaa nyeusi, wengi wazee. Saa sita kasoro dakika mbili, wakati tetemeko la mwaka 1923 lilipopiga, tukainamisha vichwa.

Tetemeko lile na moto wake viliua watu zaidi ya 100,000. Waliouawa kwa mikono ya binadamu ndio walionileta. Ulizuka uvumi kwamba Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa koloni la Japani, wanatia sumu visimani na kuchoma nyumba. Ulikuwa uongo mtupu. Sungusungu wa mitaani, polisi na wanajeshi wakawasaka. Mpita njia aliamriwa atamke "jūgoen gojissen", yeni 15 na seni 50. Ulimi ukiteleza, alihesabiwa Mkorea, amekwisha. Niliyatamka maneno hayo kimoyomoyo, nikajikwaa palepale mwanzoni.

Mnara wa Wakorea pale bustanini ulisimamishwa mwaka 1973, na maandishi yake yanataja waliouawa zaidi ya 6,000. Magavana wa Tokyo walikuwa wakituma salamu za rambirambi, hadi Yuriko Koike alipoacha kuzituma mwaka 2017. Mwaka 2023, miaka mia ilipotimia, serikali ya Japani ilisema haina kumbukumbu za kuthibitisha mauaji hayo. Iliniuma, kwa sababu ripoti ya baraza la serikali hiyohiyo kuhusu majanga ilikwisha kuyaeleza.

Alasiri nikapanda treni hadi Yahiro. Karibu na hapo lilikuwepo daraja la Yotsugi la zamani, na wazee wa mtaa walisimulia mauaji waliyoyaona hapo. Mwaka 1982 wananchi walichimba ukingoni mwa mto kutafuta mifupa. Hawakupata hata mmoja. Magazeti ya mwaka 1923 yaliandika kwamba polisi walishafukua maiti na kuziondoa. Basi wakanunua kiwanja chini ya tuta, na mwaka 2009 wakaweka jiwe lenye herufi moja kubwa ya kuomboleza.

Nilimkuta mama mmoja wa Kijapani akimwagilia maua ya hosenka yaliyolizunguka. Nikamwamkia, naye bila kuuliza natoka wapi akanikabidhi kopo. Nilipoinama kumwaga maji, kidole kikagusa tunda lililokomaa. Likapasuka, mbegu zikarukia kwenye jiwe. Akaziokota moja moja, akazifukia udongoni.