Localhost ya Nani?

Mahari ya mdogo wetu imepokelewa jana, bosi karudi Dodoma, na umeme umekatika mara mbili wiki hii. Lakini kinachonikosesha usingizi ni swali la yule binti wa mafunzo kwa vitendo, Jumatatu asubuhi, kasimama mlangoni na daftari lake la kava jekundu:

"Kaka, hiyo localhost ni ya nani?"

Nami, bila hata kugeuza shingo: "Ya mashine yako, ya nani tena?"

"Haya kaka. Nitajaribu."

Hilo "ya nani tena" ndilo linaloniuma. Localhost ni jina ambalo programu hulitumia kumaanisha "hapa hapa nilipo". Aliuliza swali zuri, nikamjibu kwa kumkata kauli, na jibu lenyewe halikuwa sahihi.

Mnakumbuka tunahamisha zile huduma tatu za malipo ya samaki ziwe makontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na kila zinachohitaji, na kila mmoja wetu awe na klasta ndogo ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena, kwenye kompyuta yake kabla kazi haijapanda kwenye seva. Tumechagua kind, programu ya kuunda klasta kwenye kompyuta moja, ambayo kila nodi yake (mashine ya klasta) ni kontena la Docker, programu ya kuendesha makontena, na makontena ya huduma yanakaa ndani ya hilo kontena. Kompyuta yake ina Ubuntu na RAM ya GB 8, kwa hiyo nilimwambia aweke nodi moja tu. Nodi tatu zinapendeza machoni, ila kwa kazi hii zinakula RAM bure. Isitoshe, kwangu zilinigomea kwa "too many open files" mpaka nilipopandisha mipaka ya Linux ya kufuatilia faili, fs.inotify.max_user_instances hadi 512 na max_user_watches hadi 524288.

Sasa, ndani ya klasta kila podi (kifungu cha kontena moja au zaidi) ina anwani yake na localhost yake. Huduma ya malipo ikiita localhost:5432, inajipigia hodi yenyewe. PostgreSQL, databesi inayosikiliza mlango 5432, haimo humo, iko nje kwenye kompyuta, basi inarudishiwa "connection refused". Mimi nikamwambia ni ya mashine yake, naye akaniamini. Akajaribu psql, programu ya kuingilia PostgreSQL, kwenye terminali, ikaingia vizuri. Akaona databesi ni nzima, basi kosa litakuwa lake. Siku nzima ya Jumanne akabadilisha nywila, akagusa pg_hba.conf, faili la ruhusa za kuingia databesi, akaanza upya.

Na Kubernetes humchosha mtu zaidi hapo. Podi ikianguka, inangoja sekunde 10 ndipo ijaribu tena, halafu 20, halafu 40, inaongezeka hivyo hadi dakika 5. Kila akirekebisha kitu nje ya podi, alikaa akiitazama CrashLoopBackOff, alama ya podi inayoanguka na kungoja, bila kujua kama dawa imefanya kazi au podi bado inahesabu muda wake. Ilitosha kuifuta kwa kubectl delete pod, Deployment, inayosimamia idadi ya podi, ingeleta nyingine papo hapo. Hakuna aliyemwambia. Wa kumwambia nilikuwa mimi, hatua nne kutoka kiti chake.

"Haya kaka. Nitajaribu." Hakununa hata kidogo. Afadhali angenuna.

Jumatano nikavuta kiti nikakaa naye. Tukaileta PostgreSQL ndani ya klasta, tukaipa Service (jina na anwani ya kudumu ndani ya klasta) iitwayo databesi, na kwenye mipangilio ya huduma tukafuta localhost tukaandika databesi:5432. Jina hilo linafahamika ndani ya namespace ile ile (fungu la klasta, letu likiitwa malipo). Ukiita kutoka namespace nyingine, andika kamili: databesi.malipo.svc.cluster.local. Data tukaiwekea PersistentVolumeClaim, ombi la hifadhi ya kudumu, ya 1Gi, ibaki hata podi ikifa. Ila ukifuta klasta yenyewe kwa kind delete cluster, data nayo inaondoka, kwa hiyo itolee nakala kwa pg_dump kwanza.

Ikaja ImagePullBackOff, yaani nodi imeshindwa kupata imeji, kifurushi ambacho kontena huundwa kwacho. Imeji aliyoijenga iko kwenye Docker ya kompyuta, nodi haiioni mpaka uiingize (tanga ni jina la klasta):

kind load docker-image malipo:0.3 --name tanga

Na imeji iwe na namba ya toleo. Ukiiacha latest, Kubernetes kwa kawaida itakwenda kuitafuta mtandaoni kila mara, hata kama umeshaipakia. Milango pia aliiwahi mwenyewe: extraPortMappings, inayounganisha mlango 30080 wa nodi na 8080 wa kompyuta, aliiandika kwenye faili kabla ya kuunda klasta. Ukisahau hapo, huwezi kuiongeza baadaye, unafuta na kuunda upya. Hilo alilisoma bila msaada wangu.

Tulipokuwa tunangoja imeji ipakiwe akauliza Kubernetes maana yake nini. Safari hii niligeuka. Nikamwambia Google waliitangaza 2014, na jina ni la Kigiriki, mshika usukani.

"Sukani!" akasema. "Babu alikuwa nahodha, jahazi la Tanga na Pemba."

Akacheka mpaka nami nikacheka. Kisha kubectl get pods, ya kuorodhesha podi: mistari minne, yote Running, 1/1. Akafungua daftari jekundu, akaandika taratibu nami nikichungulia: *Localhost ni ya anayeita.* Maneno manne, na ndiyo jibu nililotakiwa kumpa Jumatatu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Aa, kaka, yameisha," akarudi kwenye kompyuta yake kuongeza huduma ya pili.

Ningelala sasa, lakini kusi imeanza, na ule mnazi wa jirani umezidi kuinama upande wa jiko la Mama. Usiku huu nasikia makuti yanakwaruza bati. Mwenyewe yuko Muheza hadi mwisho wa mwezi, na simu hapokei.