Trela ikiyumba nyuma ya pikapu

Trela ikiyumba, mara nyingi kosa ni la upakiaji. Mzigo ukilemea nyuma ya ekseli, mkono wa trela, yaani chuma cha mbele kinachoshikana na pikapu, huinuka na kupunguza uzito kwenye magurudumu ya nyuma ya pikapu. Hapo basi la abiria likikupita kwa kasi pale Lwera, barabara ya Masaka nchini Uganda, upepo wake tu unatosha kuiyumbisha.

Pima kabla ya kuondoka. Trela ya kilo 1,000 pamoja na mzigo inapaswa kukandamiza kiunganishi cha pikapu kwa kilo 100 hadi 150. Zuia magurudumu kwa mawe, weka mzani wa magunia chini ya mkono, trela ikiwa imelala sawa, kisha usome. Ukipata kilo 60, sogeza magunia ya mahindi mbele na uyafunge kamba. Tairi pia zijae upepo. Tairi laini hupinda ubavuni.

Ikianza kuyumba barabarani, usikanyage breki ghafla, wala usiongeze mwendo eti uinyooshe. Ushauri wa kuongeza mwendo ni wa hatari kabisa. Achia mafuta, shika usukani bila kuukatakata, mwendo ushuke wenyewe. Kwenye mteremko wa Karuma, kaskazini mwa Uganda, ingiza gia ndogo mapema, kabla trela haijaanza kukusukuma.