Siku moja na ndoo ya dagaa

Saa 10:45 alfajiri

Baridi ya Makambako mwezi Julai haina adabu, na upepo ndiyo usiseme. Nabandika chai, namvuta blanketi kijana wangu wa kidato cha tatu, kisha nakaa chini kupepeta dagaa. Ndoo moja ya lita ishirini, dagaa wa Nyasa, wameletwa na lori la Songea juzi. Natoa mchanga, natoa vichwa vilivyokatika, naonja mmoja. Napimia kwa kikombe cha bati cha bluu kilichobanduka rangi ukingoni. Kikombe kimoja elfu moja.

Ukinichungulia dirishani utasema huyu mama ni mchuuzi. Ni kweli. Ila mimi pia ni MVIU mshauri. Naishi na VVU tangu 2009, na kazi yangu ni kuwatafuta wenzangu waliopotea kwenye dawa na kuwarudisha kliniki. Zamani nilikuwa nalipwa posho. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, shirika lililokuwa linatulipa lilituma ujumbe mfupi wa simu, mistari miwili, na mstari wa pili ulikuwa wa kutushukuru. Tulikuwa sita pale kituoni. Tumebaki wawili, na sote wawili tunauza kitu.

Saa 1:30 asubuhi

Mabenchi ya kliniki yetu yanatazama ukuta. Hakuna aliyeagiza hivyo. Watu wenyewe waliyageuza kidogo kidogo ili anayepita nje asione uso wa mtu. Asubuhi hii wameshajaa, kofia zimevutwa hadi kwenye nyusi, na safari hii baridi inawasaidia. Nusu yao si wa hapa. Wa Mafinga wanakuja kuchukua dawa kwetu, wa kwetu wanakwenda Mafinga au Njombe. Nadhani kuna siku mabasi yao yanapishana njiani wakapungiana mikono bila kujuana.

Kila nikiwaangalia napiga hesabu ileile. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta mkoa wetu wa Njombe una maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati nchi nzima ni 4.4. Maana yake kwenye kosta ya watu 30 ukitoka Njombe mjini, watatu au wanne ni wenzangu, na kila mmoja amekumbatia mkoba wake akidhani ndani ya gari yuko peke yake.

Natoa somo la dakika kumi na tano. Leo ni kufubaza virusi: ukimeza dawa vizuri mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisione kitu, huwezi kumwambukiza mwenzi wako kwa kujamiiana. Baba mmoja akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Hapana, baba. Wamelala tu. Ukiacha dawa wanaamka."

"Wakilala hivyo, mpaka waamke ni siku ngapi?"

Nikajua huyu anapanga likizo. Nikamweka pembeni baada ya somo, tukaongea vizuri.

Saa 3 mpaka saa 5 ni rejista na simu. Leo majina kumi na moja hayajafika kwa tarehe zao. Namba nne hazipatikani. Moja ikapokelewa na mume mwenye sauti nzito, nikasema mimi ni wa kikundi chao cha vikoba, mchango wa wiki haujafika. Akacheka, akasema mke wake ni mkorofi wa madeni tangu zamani. Nilijisikia vibaya kumharibia mtu jina, lakini deni ni aibu ndogo.

Jina la kumi na moja ni la binti mmoja, mzazi mpya, yuko ukweni kijijini. (Mambo yake mengine nimeyabadilisha hapa.) Mtoto anakaribia wiki sita na mama hajaonekana. Simu imezimwa. Basi boda, ndoo mapajani, upepo usoni.

Saa 6 hivi, na kuendelea

Sasa nieleze habari ya dagaa. Mimi nimeshasimama uwanjani Desemba Mosi na kipaza sauti nikasema jina langu na hali yangu. Kila aliyenisikia siku ile alipiga makofi. Kesho yake nilipopiga hodi nyumba moja mtaa wa pili, majirani wakajua mle ndani kuna mtu. Sikuwa nimesema neno. Uso wangu ndio ulikuwa tangazo. Kuna mama alinifungia mlango kabisa, akaniambia kwa upole wa kuumiza, "Dada, nakupenda, lakini usije kwangu." Tangu hapo natembea na ndoo. Muuza dagaa anaingia uani kwa kila mtu.

Nimeshuka kwenye boda mbali kidogo na nyumba ya binti. Sijapiga hatua ishirini, nasikia, "Wewe wa dagaa! Njoo huku!"

Nilitaka kujifanya kiziwi. Lakini muuza dagaa asiyesikia akiitwa ni muuza dagaa wa namna gani? Nikageuka. Mama mmoja wa makamo kakaa kwenye kigoda anachambua maharage, uani kwake panatazamana na uani kwa binti, katikati yao uzio wa mabingobingo uliokonda.

"Kamwene."

"Kamwene. Tua ndoo."

Nikatua. Jamani, wateja nimewaona, lakini huyu! Alichukua dagaa mmoja mmoja. Anamnusa, anamvunja kichwa, anamtazama tumboni kama daktari wa mifugo. Wa wapi hawa? Wa Nyasa, mama. Kwa nini si wa Mwanza? Wa Mwanza wana mchanga, mama. Hawa hawana? Hawana, nimepepeta mwenyewe. Mbona wadogo? Ndivyo walivyo. Akamwita mjukuu aje aonje. Mjukuu akaonja watano. Akaniuliza kama nina wa kukaanga, nikasema sina; akaniuliza kwa nini sina. Akaingia ndani kutafuta hela, akatoka na bakuli, hela hakuna. Akaanza upya: kikombe bei gani? Elfu moja. Mia tano basi.

Wakati wote huo, kupitia mabingobingo, namwona binti anaanika nepi, mtoto mgongoni. Akainua macho akaniona. Mikono ikasimama kwenye kamba. Kisha akaingia ndani na nepi mbili zikabaki kwenye beseni. Najua mtazamo ule. Nimewahi kuwa nao.

Ndipo mama wa maharage akaniangalia vizuri, kichwa kaegemeza upande.

"Wewe nimekuona mahali. Si wewe uliyeongea uwanjani mjini, siku ile ya UKIMWI?"

Mate yalinikauka. Nikikana, najikana mwenyewe, na nilishaapa sitarudi huko. Nikikubali, anaangalia ninapoelekea, na hapo binti kwisha.

"Ni mimi."

"Una ngoma kweli?"

"Ninavyo virusi, mama, na namshukuru Mungu vimefubaa. Dawa nakunywa kila siku."

Mkono wake ulikuwa ndani ya ndoo. Ukabaki humo. Nikauona ukifikiri, sijui niseme vipi, vidole vimeshika dagaa na havijui vifanye nini. Nikangoja auchomoe, aunawe, aite mjukuu akanawe mdomo. Nimeyaona yote hayo. Yule mama akashusha pumzi, akasema:

"Basi punguza."

"Nipunguze nini?"

"Bei. Wewe mwenyewe umesema unaumwa. Nani mwingine huku atanunua akijua? Vikombe viwili, elfu moja na mia tano."

Nilitaka kukasirika. Nikacheka mpaka nikapiga magoti. Miaka kumi na sita ya virusi, thamani yake shilingi mia tano! Nikampimia. Akasema hela hana, andika, akanitajia namba yake ya simu. Nikaandika. Kisha akainuka, akajipangusa maganda ya maharage, akasema, "Twende hapo kwa jirani nikusindikize. Wale hawajui kuchagua, utawapunja."

Basi tukawa msafara: mimi, ndoo, mama wa maharage, na mjukuu anayetafuna. Mama mkwe wa binti alikuwa kibarazani anaota jua. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaomba vikombe vitatu bila kuuliza bei, Mungu ambariki. Binti akaja na macho chini. Sasa utasemaje na mtu mbele ya macho manne? Nikamshika mtoto mguu.

"Kazuri haka. Wiki ngapi?"

"Sita, Jumatano."

"Jumatano ni chanjo basi. Usiikose, mwanangu. Siku hiyo huwa niko mlango wa kliniki ya watoto na ndoo yangu, utaniona."

Akanitazama. Alielewa. Chanjo ya wiki sita kila mama anaipeleka, hakuna mkwe wa kuuliza. Na ukiwa palepale, mtoto anachomwa kisigino, tone la damu linakwenda kwenye karatasi ya kipimo, mnarudi nyumbani na kadi ileile ya kliniki.

"Lete chombo nikumiminie," nikasema, na kabla hajajibu nilishabeba ndoo kuelekea jikoni.

Mle jikoni moshi mtupu, na dakika mbili, labda tatu. Akaongea harakaharaka kwa sauti ya chini. Dawa ya maji ya mtoto anampa kila siku, kamwambia mkwe ni ya mchango. Ya kwake hajameza siku tisa. Kopo linalia. Usiku akilishika linachakacha, na wanalala chumba kimoja na mkwe, mume yuko kwenye mashine za mbao hajarudi. Usiku mmoja mkwe aliuliza gizani, "Unatafuna nini wewe?" Tangu hapo kalizika kopo ndani ya gunia la mahindi na hajaligusa.

Watu wakisikia mtu ameacha dawa wanasema mjinga, mkaidi, kaingia kwenye maombezi. Mara nyingi ni kelele tu. Vidonge tisini ndani ya plastiki.

Nikamwambia alitoe. Akachimba kwenye mahindi mpaka kiwiko, akalitoa, lebo kashaibandua. Mimi huwa natembea na pamba kwenye mfuko wa kitenge. Tukafungua, kile kifuko cha kunyonya unyevu tukakiacha humohumo, nikashindilia pamba juu ya vidonge mpaka vikashikana, tukafunga. Akalitikisa karibu na sikio. Kimya. Akalitikisa tena kwa nguvu, kama mtu asiyeamini. Kimya. Ndipo nikamwona akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Leo saa tatu, kimoja tu. Zile tisa usizilipize. Na Jumatano mwambie sista ukweli wa hizo siku tisa, hatakugombeza, akigombeza niite."

Kwenye semina tulifundishwa kuwashawishi wateja wajiweke wazi kwa familia. Mimi sikumwambia. Kila mtu na ukwe wake. Mimi nilimwambia wifi yangu mwaka ule wa 2009, mimba ina miezi saba, nikidhani nimepata wa kulia naye. Jumapili yake nilikuta chai yangu imewekwa kwenye kikombe cha bati cha bluu, na vikombe vya udongo vimepandishwa kabatini. Miaka yote ile hakuna mwingine aliyekinywea. Nilipohama niliondoka nacho. Kinapimia dagaa sawasawa kabisa.

"Mnapima dagaa au mnawahesabu?" mkwe akaita kutoka nje.

Jioni

Kuanzia hapo saa sikuangalia tena. Boda ilipata pancha, tukasukuma. Majina mengine mawili niliyoyafuata: mmoja kahamia Tunduma, mwingine nilimkuta kilabuni kwenye pombe, akaahidi kuja kesho, na kesho yake naijua. Miguu inawaka moto. Huo ni ukumbusho wa vidonge vya miaka ile, kabla hatujapewa hivi vya sasa, na kukikaa baridi unarudi.

Nilipitia nyumba za wageni karibu na maegesho ya malori, nikamwachia mhudumu mmoja vipimo vya kujipima vya kuweka mapokezi. Vile vya wiki iliyopita vimekwisha vyote. Hakuna aliyevichukua mbele yake, akaniambia. Usiku vipo, asubuhi havipo.

Kijana alikuwa amepika viazi. Amezaliwa hana virusi, na viazi anavichemsha mpaka vinakuwa uji. Nilikula vyote.

Saa 3 usiku

Kengele ya simu. Kidonge kimoja, maji ya moto, kitandani na madaftari yangu mawili. La kazi: namba ya binti, alama ya vema, Jumatano. La biashara: vikombe tisa vimeuzwa, viwili deni, mama wa maharage, 1,500.

Nikiwa nafunga, ujumbe ukaingia kwa namba ngeni. "Dagaa wako wana mchanga. Silipi zote. Njoo Alhamisi tuelewane."

Alhamisi, siku moja baada ya chanjo, na uani kwake unamwona binti vizuri kabisa. Nimemjibu kwamba nitakuja, na kwamba silegezi hata shilingi.