Mama alipotoka eda

Baba alifariki 2017, nyumbani kwetu Makorora, Tanga. Kabla ya hapo alilala kitandani karibu miaka 2 na mama ndo alikuwa anamuuguza, yeye ni chumbani na jikoni, sokoni tunaenda sisi. Ikaja eda, miezi 4 na siku 10 ndani. Na joto hili la pwani tunalolilalamikia kila siku, nani angewaza kwamba jua linaweza kumkosa mtu?

Ndani ya eda akaanza kusema mapaja na kiuno vinamuuma. Akitaka kuinuka kwenye mkeka anaweka viganja juu ya mapaja, anajisukuma kidogo kidogo, anatulia, anavuta pumzi ndo anasimama. Shangazi akasema hiyo huzuni, itapungua, na mimi nikaitikia. Hilo linaniuma mpaka leo maana nilikuwa namwona kila siku nikanyamaza.

Wiki ya pili tangu atoke eda akajikwaa kizingitini, akatanguliza mkono, basi, ukavunjika hapa karibu na kiganja. Hospitali wakampiga eksirei wakamfunga hogo, mi nikajua yameisha, ila daktari mmoja kijana akamuuliza, "Mama, juani huwa unakaa?" Damu ikapelekwa Dar, vitamini D, ile ambayo ngozi inaitengeneza ikipigwa na jua, ikarudi nanogramu 9 kwa mililita, wakati chini ya 20 tu ni upungufu. Akatueleza taratibu, kwamba hata ukila chakula chenye kalsiamu, bila vitamini D utumbo hauinyonyi ipasavyo, mifupa inalainika na misuli ya mapaja inaishiwa nguvu, ndo mtu anaanguka kirahisi na akianguka anavunjika. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, na ngozi nyeusi kama zetu, tena umri ukienda, inataka muda zaidi.

Akapewa kidonge cha yuniti 50,000 kimoja kwa wiki, wiki 8. Kaka akaziba kwa makuti ule upande wa ua unaochungulika, mama akawa anatoka saa nne, anavua baibui na mtandio, ananyoosha miguu kwenye jamvi, mkono wa hogo kaupakata, huu mwingine unachambua dagaa.

Kama mwezi wa tatu hivi tangu aanze kukaa juani, nilikuwa nachota maji, akaniita, "Mwanangu, niletee chumvi." Kabla sijageuka keshanyanyuka mwenyewe anaelekea jikoni, na viganja havikugusa mapaja.