Karatasi niliyokataa kuitia sahihi

Siku ya tatu baada ya ajali, mwanamume mmoja mwenye sauti ya upole alinipigia simu. Alinijulia hali, akanipa pole, kisha akasema kampuni ya bima ya lori lililotugonga iko tayari kunilipa wiki hiyohiyo, mradi tu nitie sahihi karatasi moja. Wakati huo gari langu lilikuwa limebaki chuma chakavu, kazini siendi, na shingo ndiyo kwanza imeanza kukaza. Kusema kweli nilitamani sana kutia sahihi yaishe. Naandika haya kwa sababu sikutia, na kwa sababu najua wapo watakaopigiwa simu kama ile wakiwa bado wamelala kitandani.

Ajali yenyewe ilitokea jioni, kwenye barabara kuu yenye njia mbili kila upande. Lori refu lenye tela lilikuwa njia ya kupitia, limemaliza kulipita basi. Mimi na dada yangu tulikuwa njia ya pembeni, mbele ya basi lile, sambamba na tela, upande wa abiria wa lori. Hatukulipita, wala hatukulipisha litangulie. Tulikwenda nalo hivyo labda dakika nzima, kilomita 80 hivi kwa saa, tukizungumza mambo yetu. Dereva aliwasha indiketa ili arudi njia yake, lakini kutoka pale nilipokuwa sikuiona. Nilichoona ni ukuta wa tela unasogea. Nikapiga honi, nikakanyaga breki, na tairi la lori likawa limeshaugusa mlango wangu. Gari likazunguka, likagonga kingo za barabara, likasimama likiangalia tulikotoka.

Dereva alikuja anakimbia, mikono inatetemeka. "Ndugu yangu, sikukuona. Nimeangalia vioo vyote, sikukuona kabisa."

Nilimwamini, na bado namwamini. Lori kubwa lina sehemu nne ambazo dereva haoni, hata awe makini namna gani: mita chache mbele ya kichwa, yaani ile sehemu ya mbele ya lori yenye injini na dereva, kwa sababu amekaa juu, nyuma ya tela kote, na pande zote mbili. Upande wa abiria ndio mbaya zaidi. Sehemu hiyo huanzia usawa wa mlango wa kichwa, ikarudi nyuma na kutanuka hadi kumeza gari zima lililo njia ya pili. Mimi nilikuwa nimejiweka humo humo kwa dakika nzima. Madereva wa malori wanayo kanuni moja rahisi ambayo sikuwa nimewahi kufundishwa: kama huoni uso wangu kwenye kioo changu cha pembeni, nami sikuoni. Usikae ubavuni mwa lori. Lipite haraka mahali palipo salama, la sivyo baki nyuma, mbali kiasi cha kuviona vioo vyake vyote viwili.

Na umbali huo wa nyuma si adabu tu. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Ukichelewa sekunde mbili kuona breki za lori, umeshaenda mita 50. Kutoka nyuma, gari dogo linaweza kuingia chini ya tela, na hapo boneti haisaidii kitu, kwa maana kinachopokea kishindo ni kioo cha mbele na vichwa vya watu. Ndivyo alivyokufa mwigizaji wa Marekani Jayne Mansfield mwaka 1967, gari lake lilipoingia nyuma ya tela, na hadi leo Wamarekani wengi hukiita kile chuma cha kuzuia nyuma ya matela kwa jina lake. Nikiona tela ambalo chuma hicho kimepinda au hakipo kabisa, siku hizi napunguza mwendo niliache liende.

Turudi barabarani. Mambo mengi mema yaliyofanyika jioni ile aliyafanya dada yangu, si mimi. Mimi nilizima injini, nikawasha taa za hatari, nikaweka pembetatu nyuma, kisha nikakaa chini nikiwa sina nguvu. Yeye alichukua simu akapiga picha kabla magari hayajasogezwa: alama za matairi kwenye lami, mahali kila gari liliposimama, indiketa, matairi ya lori, maandishi ya mlangoni. Akapiga namba za kichwa, akaenda nyuma kupiga namba za tela pia. Nilimwona kama anapoteza muda. Baadaye ikaonekana kichwa kilikuwa cha kampuni moja na tela la nyingine, kila moja na bima yake. Bila picha ile tungetafuta mwenye tela kwa miezi. Alichukua pia namba ya simu ya abiria mmoja wa basi, mzee aliyekuwa amekaa dirishani na kuona kila kitu.

Nami nilifanya moja la maana: nilinyamaza. Ulimi ulitaka kusema "samahani, labda kosa langu", kama tunavyosema watu wote tukishtuka. Kwa polisi nilieleza nilichokiona, basi. Nani ana kosa ni jambo la kupimwa baadaye, na neno la mshtuko huandikwa kwenye ripoti kama neno lingine lolote.

Hospitali nilikwenda usiku uleule, kwa kulazimishwa, maana sikuwa na maumivu. Daktari aliangalia ule mstari mwekundu wa mkanda kifuani akasema, "Huu ndio uliokuleta hapa ukitembea." Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa hadi nusu, na mimi sihitaji kushawishiwa tena. Aliniambia pia kwamba shingo iliyotikiswa kwa nguvu inaweza kukaa kimya siku nzima ndipo ianze kuuma. Kweli, siku ya pili asubuhi sikuweza kugeuza kichwa, na bega la upande wa mlango lilikuwa halipandi. Nikarudi, ikaandikwa. Mtu asiyekwenda hospitali mapema huja kuambiwa kwamba maumivu yake yametoka kwingine.

Sasa ile karatasi. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Pesa iliyotajwa ingetosha kununua gari kama langu, ikabaki kidogo. Dada yangu aliisoma kwa sauti, polepole, na alipofika katikati akasimama. Iliandikwa kwamba ninapokea malipo hayo kuwa "kamili na ya mwisho", na kwamba sitadai chochote tena kwa majeraha "yanayojulikana au yasiyojulikana". Akaniuliza, "Kaka, bega lako unalijua?" Sikulijua. Hata daktari alikuwa bado hajalijua. Alikuwa anasubiri kipimo.

Yule mwenye sauti ya upole aliporudi kupiga, nilimwambia naomba muda. Akasema basi angalau nimweleze ajali ilivyokuwa, arekodi. Nikakataa hilo pia. Sikumgombeza. Alikuwa anafanya kazi yake, ambayo ni kufunga faili mapema kwa bei ndogo, na mimi nilikuwa na kazi yangu.

Kupata wakili kulinichukua siku nne. Wa kwanza alinitajia kiasi nitakachopata kabla hata hajauliza nimeumia wapi, akanisukumia mkataba. Niliondoka. Wa pili alikuwa mama wa makamo ambaye alitumia saa nzima kuuliza, akaangalia picha moja moja, na akaniambia bila kupepesa macho: "Na wewe una sehemu yako ya kosa. Ulikaa ubavuni." Nilimwamini kwa neno hilo. Tulikubaliana alipwe asilimia ya fidia tukishinda. Nilimuuliza pia nani atalipa gharama za vipimo na wataalamu tukishindwa, na jibu lake likaandikwa kwenye mkataba. Nchi nyingine haziruhusu mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo ni swali la kuuliza siku ya kwanza, pamoja na muda wa mwisho wa kufungua madai. Uingereza, kwa mfano, madai ya majeraha kwa kawaida yana miaka 3. Kwingine ni pungufu, na siku ikipita hakuna wa kukusikiliza.

Alichofanya wiki ileile ndicho kilichoamua kesi. Aliziandikia kampuni zote mbili barua ya kuwataka wahifadhi kila kitu: rekodi za takografu, kile kifaa kinachoandika mwendo na saa za kuendesha na kupumzika; kumbukumbu za matengenezo ya breki na vioo; ratiba ya safari; picha za kamera ya ndani ya lori. Haraka ya nini, nilimuuliza. Akaniambia kamera nyingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache tu, na hata rekodi za saa za kazi, ambazo sheria hutaka zitunzwe, zina muda wake: Marekani ni miezi 6. Mtu akipoteza mwaka akisubiri kupona, anaweza kukuta karatasi zote zimeshatupwa kihalali.

Rekodi zilipokuja, zilionyesha dereva alikuwa usukani tangu kabla ya mapambazuko na mapumziko yake yote yalikuwa dakika kumi na chache. Sheria za Ulaya zinataka dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Ratiba aliyopewa na mwajiri wake isingewezekana kufuatwa na mtu anayepumzika kihalali. Kwa sababu alikuwa kazini, madai yetu yalikwenda kwa mwajiri wake, jambo ambalo sheria za nchi nyingi zinaruhusu.

Tulimalizana nje ya mahakama baada ya miezi 14. Asilimia 20 ilikatwa kwa kosa langu la kukaa mahali nisipoonekana, na sikuibishia. Kilichobaki kilikuwa zaidi ya mara tano ya kile cha karatasi ya kwanza. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye upasuaji wa bega, ambao siku ile ya simu hakuna aliyejua kwamba ningeuhitaji, na kwenye miezi ya mshahara niliyoipoteza. Nilikuwa nimetunza kila risiti na kila karatasi ya mshahara kwenye bahasha moja. Wakili alisema bahasha ile ilimpunguzia nusu ya kazi.

Siku ya kutia sahihi makubaliano, dereva alikuwepo. Alikuwa ameacha kuendesha malori ya safari ndefu. Alimuuliza dada yangu kama analala vizuri, maana yeye bado anaisikia ile honi usiku. Kisha akaniambia kwamba mchana wa siku ile aliwapigia simu ofisini mara mbili akisema amechoka, wakamjibu mzigo unasubiriwa. Wakili wangu akamwomba arudie maneno hayo taratibu, akayaandika, akamuuliza kama yuko tayari kuyapeleka kwa wakaguzi wa usafirishaji. Akasema yuko tayari.