Mstari wa Katikati

Kimbunga kinapokaribia nchi kavu huwa nafuatilia ramani za watabiri wa hali ya hewa na, sambamba nazo, maelezo ya watangazaji wanaozifafanua. Kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuona kwamba imani ya watu kwa utabiri hupotea zaidi katika hayo maelezo kuliko katika ramani zenyewe.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani huchora koni inayoonyesha mahali ambapo kitovu cha kimbunga kinaweza kupita. Kwa miaka mingi upana wake umetokana na makosa ya utabiri wa miaka 5 iliyotangulia, na umepangwa hivi kwamba kitovu kinatarajiwa kubaki ndani yake takriban mara mbili katika kila tatu. Haionyeshi ukubwa wa kimbunga, wala haisemi upepo na maji ya bahari vitaishia wapi. Hata hivyo mtangazaji mwenye dakika mbili hewani huufuata mstari wa katikati kwa kidole, hutaja mji mmoja, na tangu hapo kilichokuwa uwezekano husikika kama ahadi.

Mwaka 2022, kimbunga Ian kilipokuwa kikielekea Florida, mazungumzo mengi yalihusu mji wa Tampa. Kusini yake, kaunti ya Lee haikutoa amri ya kuhama hadi asubuhi ya Septemba 27, ingawa tahadhari ya bahari kufurika ilikwisha kutolewa kwa pwani hiyo. Siku iliyofuata kitovu kilitua kisiwa cha Cayo Costa, katika kaunti hiyo hiyo, na maji yakauzamisha mji wake wa pwani, Fort Myers Beach. Katika Florida nzima walifariki zaidi ya watu 100. Mjadala uliofuata uling'ang'ania swali la kama utabiri ulikosea, swali ambalo kwangu lilikuwa dogo kuliko lile la nani aliisoma koni kama mstari.

Kuna na kinyume chake. Januari 2015 wakazi wa New York waliambiwa wajiandae kwa theluji ya zaidi ya nusu mita, hata treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, kisha Central Park ikapata sentimita 25 hivi. Dhoruba ilikuwa imepita mashariki kidogo tu, na Boston ilizikwa kwa zaidi ya sentimita 60. Gary Szatkowski, aliyeongoza ofisi mojawapo ya utabiri, aliomba radhi hadharani. Nilimheshimu kwa hilo, lakini sikumbuki radhi kama hiyo kutoka kwa waliokuwa wameshatangaza dhoruba ya kihistoria kabla hata theluji haijaanza kurundikana.

Waingereza bado wanamtania Michael Fish, mtabiri wa hali ya hewa wa televisheni ya BBC, ambaye mchana wa Oktoba 15, 1987 aliwatoa watazamaji wasiwasi kwamba hakuna kimbunga kinachokuja, na usiku ule upepo ukaua watu 18 nchini mwao. Alikosea, hilo halina ubishi. Ila katika taarifa ile ile aliongeza kwamba kungekuwa na upepo mkali, akidhani sehemu kubwa ya nguvu yake ingeishia Uhispania na Ufaransa, na kipande cha video kinachorudiwa mpaka leo mara nyingi hukatwa kabla hajayafikia maneno hayo.