Bastola za bei nafuu: tuliyoyaona wamiliki wa Mwanza

Wafanyabiashara wenzangu wa hapa Mwanza wanaoanza kuomba leseni ya kumiliki silaha huniuliza swali moja kuliko mengine yote: je, bastola ya bei nafuu inaaminika? Wanaouliza wana sababu zao. Yupo anayenunua dhahabu Geita na kuileta mjini, yupo mwenye ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye wateja wake wengi humlipa fedha taslimu, na yupo mwenye duka la jumla anayefunga hesabu usiku akiwa peke yake. Nimemiliki bastola kwa leseni kwa miaka mingi, nimekaa na wamiliki wengine kwenye uwanja wa shabaha na kwenye meza ya fundi, na msimamo wangu ni kwamba bastola ya bei ndogo inaweza kuaminika kabisa, ila kwa mmiliki wa huku kwetu thamani yake hupimwa kwa vitu visivyoandikwa kwenye bei ya dukani: risasi za kuijaribia, magazini (vibweta vya risasi) za akiba, vipuri, na fundi mwenye kibali anayeijua.

Sababu ya kwanza ni sheria yenyewe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, ombi la raia huanzia mtaani kwake, ambako mwenendo wake unajulikana, kisha hupanda ngazi za polisi na za usalama, na mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba ana uwezo wa kuitumia na kuitunza silaha anayoiomba. Leseni hutolewa kwa silaha mahususi yenye namba yake. Naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote, kwa sababu silaha iliyozagaa ni hatari kwa kila mtu, lakini una matokeo ambayo mnunuzi lazima ayafikirie kabla ya kutoa fedha: bastola ikimkatisha tamaa, hawezi kuibadilisha kama mtu anavyobadilisha simu. Atakaa nayo, pengine kwa maisha yake yote ya biashara.

Marekani mambo ni tofauti, na maandishi mengi tunayoyasoma kuhusu bastola za bei ya chini yanatoka huko. Ushauri wao wa kawaida ni kwamba ukinunua bastola mpya uipige risasi mia mbili hadi mia tano kabla ya kuitegemea, na ikikwama mara kwa mara uirudishe kiwandani. Ni ushauri mzuri. Kukwama kwingi kwa bastola mpya hutokana na vipande ambavyo havijazoeana, na matatizo mengi ya kiwandani hujitokeza mapema. Mfano unaotajwa sana ni Hi-Point ya jimbo la Ohio, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa huko kwa chini ya dola 200. Mtutu wake haufungamani na slaidi, kipande cha juu kinachorudi nyuma kila bastola inapofyatuliwa, wakati risasi inapolipuka. Kinachoizuia slaidi isirudi nyuma mapema ni uzito wake na nguvu ya springi tu. Ndiyo maana slaidi yake, iliyomiminwa kwa aloi ya zinki, ni nene na nzito, na bastola nzima ya milimita 9 inazidi gramu 800 bila risasi, ilhali Glock 19, bastola maarufu ya Austria, ina takribani gramu 600. Hi-Point hiyo kwa kawaida ilibeba risasi nane kwenye magazini, Glock 19 hubeba kumi na tano. Hata hivyo wamiliki wengi wa Hi-Point huisifu, na sehemu kubwa ya sifa hiyo inatokana na dhamana ya maisha inayomfuata yeyote aliyeishika: kikiharibika kitu, kiwanda hukitengeneza bila malipo.

Sasa mweke mmiliki huyo Igoma au Buhongwa, hapa Mwanza. Risasi hununuliwa kwa leseni na kwa idadi iliyoruhusiwa, bei yake inauma, na siku ya kupiga shabaha hupangwa chini ya usimamizi. Kupeleka silaha nje ya nchi ili itengenezwe bure ni jambo ambalo hakuna mtu wa kawaida atakayeliweza. Dhamana ile, ambayo kwa Mmarekani ni nusu ya thamani ya bastola, kwetu haina uzito wowote, na majaribio ya risasi mia tano hayawezekani kwa mtu wa kipato cha kati. Kwa hiyo lazima tununue bastola ambayo majaribio yake yamekwisha kufanywa na wengine, kwa wingi na kwa muda mrefu, kabla haijatufikia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba nafuu maana yake ni bovu. Bastola ya Makarov iliingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1951, na Tokarev ilikuwa imeitangulia katika miaka ya 1930. Zote mbili zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, na nakala zake za Kichina ni miongoni mwa bastola za bei ya chini duniani. Makarov ni imara kiasi cha kushangaza. Lakini Tokarev ya kijeshi haikuwa na kitasa cha usalama cha kusukuma kwa kidole, bali nyundo inayoweza kusimamishwa nusu njia tu, na mimi simshauri raia yeyote abebe bastola ya namna hiyo ikiwa na risasi kwenye chemba, nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Zaidi ya hayo, risasi ya Makarov huitwa milimita 9 kama ile ya kawaida, wakati ganda lake ni fupi, la milimita 18 badala ya 19, na kichwa chake ni kipana kidogo zaidi. Hazibadilishani hata kidogo. Nimemwona mtu aliyenunua bastola kwa bei ya kupendeza sana, kisha akahangaika kwa miezi akitafuta risasi zake, maana maduka yalikuwa na za aina nyingine. Bastola hiyo haikuwa na kasoro yoyote, ila ilikuwa imelala ndani ya kasha la chuma bila kazi.

Kundi ambalo naona linafaa zaidi ni bastola za kisasa za bei ya kati na ya chini kutoka Uturuki na Brazili. Waturuki wameyafuata maumbo yaliyokwisha kuthibitika: kampuni ya Canik ya Samsun ilianza na bastola zilizofuata muundo wa CZ 75, kisha ikaufuata wa Walther P99, Girsan ya Giresun ikaifuata Beretta 92, na Tisaş ya Trabzon ina zake. Miji hiyo mitatu iko ukanda mmoja, pwani ya Bahari Nyeusi, eneo lenye mafundi wa bunduki tangu zamani, na napenda kufikiri kwamba watu wa pwani yenye mvua nyingi wanajua kutu ni kitu gani.

Kuhusu Brazili, ukweli usemwe wote. Mwaka 2015 kampuni ya Taurus ya huko ilikubali suluhu ya mahakamani nchini Marekani iliyohusu bastola karibu milioni moja za aina tisa, zilizodaiwa kwamba zingeweza kufyatuka zikianguka chini. Kampuni ilikana kosa lakini ikakubali kuzipokea. Aina zilizokuja baadaye zina sifa bora zaidi, ila anayeuziwa Taurus iliyotumika lazima aangalie ni ya aina gani na ya mwaka gani. Asidhani pia kwamba kulipa zaidi kunamwondolea wajibu huo. SIG Sauer P320, ambayo si bastola ya bei nafuu na ambayo Jeshi la Marekani liliichagua Januari 2017, ilitangaziwa na kampuni yake marekebisho ya hiari Agosti mwaka huohuo baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wakisema kuaminika huwaza jambo moja tu, kwamba bastola itoe risasi inapotakiwa. Mimi huanza na upande wa pili: isitoe risasi isipotakiwa. Mwaka 1994 huko California mtoto wa miaka saba alipooza baada ya mtu mzima kujaribu kuondoa risasi kwenye bastola ya bei ya chini kabisa ya kampuni ya Bryco, ambayo muundo wake ulimlazimu mtu kukifungua kitasa cha usalama kabla ya kuivuta slaidi. Mwaka 2003 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani liliipa kampuni sehemu ya lawama, na ikafilisika. Mtu akiniletea bastola asiyoijua vizuri, jambo la kwanza ninalomwomba anionyeshe, magazini ikiwa nje na mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, ni namna ya kuivuta slaidi huku kitasa cha usalama kikiwa kimefungwa. Isipowezekana, namwambia aitafakari upya, hasa kama nyumbani ana watoto.

Nikirudi kwenye kukwama, uzoefu wa wamiliki ninaowafahamu unaonyesha kwamba mara nyingi mkosaji ni magazini. Midomo ya magazini ya chuma laini hupanuka, springi huchoka, risasi ikapanda kwa pembe mbaya na kugonga ukingo wa chemba. Dada mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na bastola ya bei ndogo iliyokwama karibu kila alipoipeleka kwenye shabaha, na alikuwa tayari kuisalimisha. Fundi aliijaribu kwa magazini nyingine ya aina ileile, na haikukwama tena. Kasoro ilikuwa ya kiwanda, na naihesabu dhidi ya watengenezaji, kwa sababu magazini ndipo wanapobana gharama kwanza. Tatizo lake lilikuwa kwamba magazini ya pili haikupatikana Mwanza. Iliagizwa, ikachelewa sana, na bei yake pamoja na usafiri ilikula tofauti yote aliyookoa alipoiacha bastola ya bei ya juu zaidi.

Tabianchi yetu nayo ina mchango mkubwa. Unyevu wa ziwani, jasho la mtu anayebeba bastola chini ya shati mchana kutwa, na vumbi la barabara za machimbo huingia mahali ambapo jicho halifiki. Bastola za bei ya chini mara nyingi hupakwa tabaka jembamba la rangi juu ya chuma cha kawaida, na mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha kutu. Ala ya ngozi inafaa kubebea, lakini haifai kuhifadhia, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Mzee mmoja wa Pasiansi, anayekwenda machimboni mara kwa mara, alilalamika kwamba bastola yake inagonga risasi bila kuzilipua, naye aliamini ni ubovu wa kitu cha bei rahisi.

“Mbona naipaka mafuta kila wiki?” alimwambia fundi.

“Mzee wangu, shikamoo, lakini mafuta hayo ndiyo yaliyoiziba,” fundi akajibu, akamwonyesha tope jeusi lililoganda kwenye njia ya pini inayogonga fataki, kiwashio cha nyuma ya risasi. Mafuta yalikuwa yamelishika vumbi, na pini ikapoteza nguvu. Ilisafishwa ikakaushwa, na ilipojaribiwa ilifyatua risasi zote. Mafuta mengi huweza pia kupenya kwenye fataki na kuiua risasi yenyewe, kwa hiyo mahali hapo panahitaji ukavu.

Desturi nyingine inayonitia wasiwasi inatokana moja kwa moja na uchache wa risasi. Mtu huingiza risasi kwenye chemba asubuhi, huitoa jioni, kesho huingiza ileile, na hivyo kwa miezi. Kila mara inapogonga ukingo wa chemba, kichwa cha risasi kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua, na siku itakapofyatuliwa shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi ambacho bastola imeundwa kukihimili. Zilinganishe risasi zako zikiwa zimesimama wima mezani, na yoyote iliyo fupi kuliko wenzake isirudi kwenye magazini. Mpe muuzaji au fundi mwenye kibali aiondoe kwa utaratibu.

Kijana mmoja wa Sengerema mwenye biashara ya samaki, ambaye ombi lake bado liko kwenye ngazi ya wilaya, alinipigia simu wiki hii akiwa njia panda kati ya bastola mbili. Ya kwanza ni ya Ulaya, ya jina kubwa, ambayo ingemaliza fedha zake zote. Ya pili ni ya Kituruki, mpya, ya milimita 9 kwa 19, na muuzaji anazo magazini zake rafuni. Nilimshauri achukue hiyo ya pili pamoja na magazini mbili za ziada, aulize kabla ya kulipa kama fundi anaweza kupata springi na pini zake, na fedha inayobaki aigawe kati ya kasha imara la chuma lililofungwa ukutani na mafunzo ya mkufunzi anayetambulika. Aliniuliza kama asubiri leseni itoke ndipo aanze mafunzo. Nilimwambia amuulize mkufunzi anachoruhusiwa kumfundisha sasa, maana kuisikiliza sheria na kujifunza usalama wa silaha darasani hakuhitaji risasi hata moja.